Kipandauso na Hesabu za Mgonjwa

Historia ya maradhi mengi huandikwa kwa kufuata dawa zake, hivi kwamba kila sura hufunguliwa kwa ugunduzi mpya na kufungwa kwa kuanguka kwa nadharia iliyotangulia. Utaratibu huo haukifai kipandauso, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya historia yake hakikuwa na dawa ya kutegemewa, na aliyekiugua aliishi kwa kanuni alizojitungia mwenyewe, akihesabu siku baina ya shambulio na shambulio, akikumbuka alichokula na alivyolala, na kutambua dalili ndogo zinazotangulia maumivu. Kwa maana inayotumiwa na matabibu wa leo, kipandauso ni maumivu ya kichwa yanayorudi kwa vipindi, aghalabu upande mmoja, yanayogonga kama mpigo wa moyo na kuzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi, yakiandamana na kichefuchefu na kutostahimili mwanga na kelele, na ambayo yasipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na kile kinachoitwa aura, yaani usumbufu wa muda wa macho au hisia, kama vile kuona vimulimuli, mistari ya kukunjana au doa lisiloona, ambao hukua polepole na kutoweka kabla ya saa moja kwisha.

Maelezo ya namna hii ni ya kale mno. Mafunjo ya Ebers, hati ya tiba ya Misri iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanataja maumivu ya nusu ya kichwa, na katika maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Hippocrates yumo mgonjwa aliyeona kitu king'aacho mbele ya jicho moja kabla ya kushikwa na maumivu makali ya panja, akapata nafuu baada ya kutapika. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa mwanzoni mwa enzi ya Kirumi, aliyatenga maumivu ya upande mmoja na maumivu mengine ya kichwa, na akaeleza kwamba wenye maradhi hayo huukimbia mwanga na kufarijika gizani. Galen, aliyeandika katika karne ya 2, ndiye aliyeyapa jina la Kigiriki lenye maana ya nusu ya fuvu, ambalo lilipita katika Kilatini na Kifaransa na kuwa neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia hadi leo. Galen aliamini kwamba mvuke wa nyongo hupanda kutoka tumboni hadi kichwani, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa mtu anayetapika kabla ya kupata nafuu ana kila sababu ya kulilaumu tumbo.

Vitabu vingi hudai pia kwamba watu wa kale walitoboa mafuvu ili kutibu kipandauso. Dai hilo lilipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 20, pale daktari Mskoti Lauder Brunton alipokisia kwamba mafuvu ya kale yaliyokutwa na matundu yalikuwa ya watu wenye maumivu ya namna hiyo, na tangu hapo kisio hilo limenakiliwa kana kwamba ni ushahidi, ingawa mfupa hauwezi kusema mwenye nao aliumwa nini. Mahali pamoja ambapo upasuaji huo umeshuhudiwa kwa macho ni miongoni mwa Abagusii wa Kenya magharibi, ambao mabingwa wao wa kupasua kichwa, waitwao ababari, waliendelea na kazi hiyo hadi nusu ya pili ya karne ya 20, wakichana ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa kidogo kidogo hadi kuukaribia utando wa ubongo. Lakini wagonjwa wao walikuwa hasa watu waliopigwa au kuanguka, na ambao maumivu yao ya kichwa hayakukoma baada ya jeraha kupona. Hayo ni maradhi mengine, na kuyachanganya na kipandauso ni kuwaonea ababari, waliojua vyema ni nani wa kumpasua na ni nani wa kumrudisha nyumbani.

Kwa Waswahili wa pwani, njia yenye mizizi zaidi ilitoka katika tiba ya Kiislamu. Waarabu waliyaita maradhi haya shaqiqa, neno lenye maana ya kupasuka au kugawanyika pande mbili, na katika mkusanyiko wa Hadithi wa Bukhari imepokewa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipigwa chuku kichwani kwa sababu ya shaqiqa akiwa katika ihramu, jambo lililoipa tiba hiyo heshima ambayo hakuna dawa nyingine ya kichwa iliyowahi kuifikia. Kupiga chuku, au kuumika, ni kuchanja ngozi kidogo kwa wembe na kubandika juu yake pembe iliyotobolewa nchani, kisha mpigaji hufyonza hewa kwa mdomo na kuliziba tundu ili damu ivutwe ndani ya pembe. Siku hizi vikombe vya plastiki vyenye pampu ndogo vimechukua nafasi ya pembe katika maduka mengi ya hijama ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, lakini mahali panapopigwa, yaani utosini, kisogoni na baina ya mabega, ni pale pale pa zamani. Mtu asiyemwendea mpiga chuku hukaza kitambaa kichwani hadi kiache alama pajini na kulala katika chumba kilichofungwa madirisha, na katika hayo mawili hakuna ambalo Aretaeus angeliona geni.

Wanazuoni wa tiba ya Kiislamu hawakuishia katika chuku. Ibn Sina, katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba kilichokamilika yapata mwaka 1025, aliandika kwamba mwenye maumivu haya huzidiwa na harakati ndogo, na kula na kunywa, na sauti za watu, na hutamani kulala peke yake gizani, maelezo ambayo yangeweza kuchapishwa leo bila kubadilishwa. Al-Zahrawi, mpasuaji mashuhuri wa Andalusia aliyeishi jirani na Cordoba, alipendekeza kuichoma panja kwa chuma cha moto, na pale mgonjwa alipoogopa chuma, kuichana ngozi ya panja na kuificha ndani yake punje ya kitunguu saumu kwa saa kadhaa. Uangalifu mkubwa katika kueleza ulikwenda sambamba na ukatili wa kutibu, na hali hiyo ilidumu karne nyingi baadaye.

Ushahidi kamili zaidi wa ukatili huo ni maisha ya Anne Conway, mwanafalsafa wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1631 na kuanza kuumwa kichwa baada ya homa aliyoipata akiwa mtoto wa miaka isiyozidi 12. Kwa kuwa alikuwa na mali na jamaa wenye elimu, alifikiwa na karibu kila tabibu mkubwa wa zama zake. William Harvey, aliyegundua mzunguko wa damu, alimtibu bila mafanikio, na mwaka 1656 Anne alisafiri hadi Paris akiwa tayari kutobolewa fuvu, lakini wapasuaji wa huko walisita na badala yake wakamfungua mishipa ya damu. Alipakwa marhamu ya zebaki hadi akatokwa na mate mfululizo, akaoga na kunywa maji ya chemchemi za tiba, akatolewa damu mara nyingi. Mwaka 1666 mumewe alimleta kutoka Ireland Valentine Greatrakes, mtu aliyesifika kwa kuponya kwa kupapasa, ambaye aliwaponya watu kadhaa wa vijiji jirani, kwa mujibu wa waliokuwapo, lakini kwa mwenye nyumba hakufua dafu. Anne Conway alifariki mwaka 1679 akiwa bado anaumwa, na kitabu chake cha falsafa, kilichochapishwa kwa Kilatini mwaka 1690 baada ya kifo chake, kinashikilia kwamba mwili na roho havitofautiani kwa asili. Wafasiri wake wamedokeza, na kwa haki, kwamba mtu aliyepata maumivu hayo miaka mingi hivyo asingeridhika kwa urahisi na falsafa inayoutenga mwili na nafsi kabisa.

Miongoni mwa waliomtibu alikuwamo Thomas Willis, ambaye katika kitabu cha mwaka 1672 alieleza kisa chake pasipo kumtaja jina, na akatoa hoja kwamba maumivu hutoka katika mishipa ya damu na utando unaoufunika ubongo wala si katika ubongo wenyewe. Lakini jambo la thamani zaidi katika kurasa hizo ni dogo na halikutokana na nadharia yoyote. Willis anamtaja mwanamke mmoja ambaye jioni ya kuamkia shambulio alishikwa na njaa isiyo ya kawaida, akala chakula cha usiku kwa pupa, na kwa ishara hiyo akajua kwa yakini kwamba asubuhi kichwa kitamuuma. Mwanamke huyo hakusema kwamba chakula ndicho kilichomletea maradhi. Alisema kwamba njaa ilimpa habari yake, na tofauti baina ya kauli hizo mbili iliichukua sayansi miaka takriban 300 kuielewa.

Katika karne ya 19 kalamu ilihamia mikononi mwa wagonjwa waliokuwa wenyewe wanasayansi. Emil du Bois-Reymond, mwanafiziolojia wa Berlin, aliandika mwaka 1860 kuhusu mashambulio yake mwenyewe, akaeleza kwamba uso hupauka na mshipa wa panja huwa mgumu kama uzi uliokazwa, naye akakata kauli kwamba mishipa ya damu hujibana. Miaka michache baadaye Möllendorff, mwenzake wa Kijerumani, alishikilia kinyume chake, kwamba mishipa hupanuka. Mwaka 1870 daktari Hubert Airy, mwana wa mnajimu mkuu wa Uingereza, alichapisha michoro ya aura yake, akionyesha hatua kwa hatua jinsi doa dogo karibu na kitovu cha macho linavyofunguka na kuwa tao lenye kingo za meno meno, zinazometameta na kusogea kuelekea nje, mfano wa kuta za ngome zikitazamwa kutoka juu. Michoro hiyo inatambulika mara moja na mtu yeyote aliyewahi kuiona aura hiyo, na hadi leo haijapatikana iliyoizidi. Edward Liveing, katika kitabu kizito cha mwaka 1873, aliyafananisha mashambulio na dhoruba inayokusanyika na kupasuka ndani ya neva, na William Gowers, katika mwongozo wake wa maradhi ya neva wa mwaka 1888, aliigawa tiba katika sehemu mbili ambazo bado zinatumika, yaani dawa za kunywa kila siku ili kuzuia mashambulio na dawa za kutuliza shambulio lililokwisha kuanza. Dawa zenyewe alizokuwa nazo, bromidi, nitrogliserini na bangi ya India, zilikuwa dhaifu kuliko mgawanyo wake.

Dawa ya kwanza yenye nguvu ilitoka katika sumu. Ergoti ni kuvu aina ya Claviceps purpurea anayeota kwenye masuke ya rai, nafaka ya Ulaya ya kaskazini, na aliyekula mkate wa rai yenye kuvu huyo aliweza kupoteza vidole na viungo kwa sababu mishipa ya damu hujibana hadi nyama ikafa, maradhi ambayo katika zama za kati yalijulikana kama moto wa Mtakatifu Antoni. Mwaka 1868 Edward Woakes wa Uingereza aliipendekeza ergoti kwa maumivu ya neva, na mwaka 1918 Arthur Stoll, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, alifaulu kuitenga kemikali iliyoitwa ergotamini, ambayo katika miaka ya 1920 ilianza kutumiwa kwa kipandauso. Mwaka 1938 John Graham na Harold Wolff walionyesha mjini New York kwamba ergotamini ikidungwa, mpigo wa mshipa wa panja hupungua na maumivu hupungua pamoja nao. Grafu yao, yenye mistari miwili inayoshuka bega kwa bega, iliwashawishi madaktari kwa karibu miaka 50 kwamba kipandauso ni maradhi ya mishipa ya damu, na hapa hesabu za mgonjwa zilipotosha, kwa kuwa kile anachokihisi kikigonga panjani si lazima kiwe ndicho kinachomuumiza.

Wolff, ambaye mwenyewe aliugua kipandauso, aliacha pia urithi mwingine ambao haukuwasaidia wagonjwa. Katika maandishi yake alichora picha ya mtu wa kipandauso kuwa ni mwenye tamaa ya mafanikio, mshikilia utaratibu na asiyejua kustarehe, na picha hiyo ilipoingia katika vyumba vya madaktari iligeuka kuwa lawama, hasa kwa wanawake, ambao hupata maradhi haya mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Mgonjwa akaambiwa kwamba dawa yake ni kubadili tabia. Utafiti wa baadaye haukuthibitisha kwamba ipo tabia maalumu ya namna hiyo, lakini mwajiri au mwalimu anayemwona mwenye kipandauso kuwa mvivu au mwenye kujidekeza anarithi, pasipo kujua, mabaki ya fikra hiyo.

Njia nyingine ilikuwa ikifunguliwa wakati huo huo, na kwa mara nyingine ilianzia kwa mtu aliyejihesabia. Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, alichora aura zake kwenye karatasi kila baada ya muda mfupi, na mwaka 1941 akakokotoa kwamba usumbufu huo lazima uwe unatambaa juu ya gamba la nyuma la ubongo, sehemu inayohusika na kuona, kwa mwendo wa takriban milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Aristides Leão, kijana Mbrazili aliyekuwa akifanya utafiti Harvard, alichapisha ugunduzi kwamba ubongo wa sungura ukichokozwa hupitiwa na wimbi la kuzimika kwa umeme wake, linaloenea kwa kasi ya namna hiyo hiyo. Leo inakubaliwa kwa jumla kwamba wimbi la Leão ndilo chanzo cha aura. Ni nadra katika sayansi kwa penseli ya mgonjwa kuukuta ukweli kabla ya elektrodi za maabara.

Katika kujitunza kwa siku baada ya siku, mwaka muhimu ni 1967, pale daktari Edda Hanington wa Uingereza alipotoa hoja kwamba tirameni, kemikali iliyomo katika jibini iliyokomaa na vyakula vingine vilivyochachuka, huwachochea baadhi ya wagonjwa. Daftari la mgonjwa likapata umbo jipya, kwani upande mmoja ziliandikwa siku za maumivu na upande wa pili vyakula, usingizi, hedhi na uchovu, kwa matumaini kwamba mkosaji angejulikana. Wengi waliacha chokoleti, jibini, divai nyekundu na machungwa, na baadhi walijinyima hadi wakadhoofu. Majaribio yaliyofuata hayakuunga mkono sehemu kubwa ya orodha hizo, na watafiti walianza kugundua kwamba saa nyingi kabla ya maumivu, pengine siku nzima, ubongo huwa umekwisha kubadilika, na mtu hupiga miayo mfululizo, shingo hukaza, hukasirika upesi au hutamani kitu kitamu. Hivyo aliyekula chokoleti jioni na kuumwa asubuhi huenda aliila kwa sababu shambulio lilikuwa limeanza, kama yule mwanamke wa Willis na chakula chake cha usiku. Yaliyostahimili uchunguzi ni mambo ya kawaida zaidi, nayo ni kuruka mlo, kulala kidogo au kulala kupita kiasi, kushuka kwa homoni ya estrojeni kabla ya hedhi, na kukatiza ghafla kahawa au chai iliyozoeleka. Mwezi wa Ramadhani, unaounganisha njaa, usingizi uliokatika na kuikosa chai ya asubuhi, huwaelemea wengi wenye maradhi haya, na kwa hiyo matabibu hushauri kupunguza kahawa na chai siku kadhaa kabla ya mwandamo na kutoacha daku.

Kuhusu dawa zilizofuata ergotamini yatosha kueleza kwa ufupi. Propranololi, dawa ya moyo, iligunduliwa katikati ya miaka ya 1960 kwa bahati kuwa inazuia kipandauso. Sumatriptani, iliyobuniwa na kundi la Patrick Humphrey katika kampuni ya Glaxo na kuingia sokoni mwaka 1991, ilikatiza shambulio kwa uhakika ambao haukuwahi kuonekana. Lars Edvinsson na Peter Goadsby walionyesha mwaka 1990 kwamba peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi za amino, iitwayo kwa kifupi CGRP huongezeka katika damu itokayo kichwani wakati wa shambulio, na kutokana na kazi hiyo dawa ya kwanza ya kingamwili dhidi ya kipokezi chake iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Bei yake inaiweka mbali na wagonjwa walio wengi duniani.

Tatizo kubwa zaidi la Afrika Mashariki si uhaba wa dawa ghali. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyoizunguka Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, ulikwisha kuonyesha kwamba kipandauso kipo vijijini, wala si maradhi ya watu wa mjini na wa maofisini kama inavyosemwa mara nyingi. Hata hivyo homa ya malaria, shinikizo la damu na macho hushukiwa kwanza, na mgonjwa huzunguka miaka kati ya maabara na duka la miwani huku akinunua vidonge vya maumivu rejareja dukani. Vidonge hivyo vina hatari yake: tayari mwaka 1951 Peters na Horton, madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani, walieleza kwamba wagonjwa waliotumia ergotamini mara kwa mara walianza kuumwa kila siku na kupona walipoiacha, na baadaye ilidhihirika kwamba dawa yoyote ya kutuliza maumivu inaweza kuleta hali hiyo. Kipimo cha matumizi ya kupita kiasi kinachotumiwa kimataifa ni siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa parasetamoli, aspirini na jamii zake, na siku 10 tu kwa ergotamini, triptani (jamii ya sumatriptani), dawa za jamii ya afyuni na vidonge vya mchanganyiko, vikiwamo vile vyenye kafeini vinavyouzwa kila duka, ikiwa mtu ataendelea hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumatriptani katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, na propranololi, aspirini, parasetamoli na ibuprofeni zimo humo pia, zote za bei nafuu isipokuwa ya kwanza. Mwenye maumivu ya kichwa yanayorudi na ampelekee tabibu kalenda ya miezi mitatu iliyotiwa alama siku za maumivu na, kwa alama tofauti, siku alizomeza kidonge. Karatasi hiyo humwezesha tabibu kutambua maradhi na kuona kama vidonge vyenyewe vimekuwa chanzo, na kwa mgonjwa ambaye uchunguzi wake wa neva ni wa kawaida, ina faida kuliko picha ya ubongo ambayo familia nyingi huuza mali ili kuigharimia.